Niambie kwanza udongo wako ni wa rangi gani

Mteja anayetaka nimsafishie ploti kwa ekskaveta akipiga simu huanza na ukubwa. "Mama, ni nusu eka, vichaka tu na miti michache, utanifanyia pesa ngapi?" Mimi namuuliza rangi ya udongo. Wengine hudhani nakwepa swali la bei, na wapo waliokata simu wakatafuta mtu mwingine. Lakini bei yenyewe iko hapo.

Ukitoka mjini Nairobi kuelekea Karen, Kikuyu, Ruaka, mpaka Limuru, unakanyaga udongo mwekundu. Geuka uende Embakasi, Utawala, Ruai, au ushuke Mlolongo hadi Kitengela, utakutana na ule mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka nyufa za kumeza kiatu ukikauka. Mashine ni ile ile, opareta ni yule yule, ila inavyoumia huku si inavyoumia kule.

Yangu ni ekskaveta, mashine ya kuchimba, ya tani 20, imefanya kazi Japani kabla ya kuja kwangu. Kabla ya hapo nilikuwa nauza vipuri barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Kwa hivyo fundi akiniletea seli (kile kizuizi cha oili isivuje) ya bandia akiniambia ni orijino, tunacheka wote wawili halafu anairudisha.

Nianze na udongo mweusi, maana ndio unaotafuna pesa. Injini watu huiogopa bure. Ukiibadilishia oili kila saa 250 na filta zake, itakuvumilia. Pesa iko chini, pale mashine inapotembelea: cheni, magurudumu yake (rola na aidla), na sproketi, gurudumu la meno linaloizungusha. Kwa mashine ya cheni, sehemu hiyo inaweza kula hadi nusu ya gharama yote ya matengenezo. Sasa weka mashine hiyo Ruai siku mbili baada ya mvua. Udongo unaingia kati ya meno ya sproketi na cheni, unashindiliwa, unajaa, na cheni inaanza kujikaza yenyewe bila mtu kuigusa. Cheni iliyokaza kupita kiasi inasaga bushi na pini, yaani viungo vyake, mchana kutwa, na hutasikia kelele yoyote ya kukuonya.

Ndiyo maana kabla ya kuingia saiti yenye tope tunalegeza cheni kidogo. Valvu iko ubavuni, nyuma ya kifuniko kidogo. Unaifungua polepole kwa spana, grisi inatoka yenyewe, cheni inashuka. Taniboi (msaidizi wa mashine) mpya lazima nimwambie mwenyewe: usiweke uso mbele ya ile valvu, na usiifungue ikaisha. Grisi ile imebanwa kwa nguvu ya ajabu, inaweza kuifyatua valvu kama risasi.

Halafu jioni, kabla ya kuzima, udongo wote unatolewa. Koleo, mtaimbo, na opareta anainua upande mmoja kwa bumu, ule mkono mrefu wa mashine, ili cheni izungushwe hewani. Mataniboi hawaipendi kazi hii hata kidogo, na saa kumi na moja jioni kila mmoja ana safari ya dharura. Mmoja aliniambia, "Mathe, si tutatoa kesho asubuhi?" Kesho asubuhi utakuwa umekauka. Opareta asiyejua ataweka gia, mashine itakataa, ataongeza nguvu, na kitakachoachia kwanza ni seli ya mota ya mwendo au ya rola. Oili ikianza kuvuja hapo, tope linaingia mahali oili ilipotoka. Hiyo si kazi ya siku moja tena.

Na ukishauchimba, hakuna anayeutaka. Udongo mwekundu unaweza kuuza, watu wa maua na bustani wanaupigia simu. Ule mweusi unalipa tipa ukatupwe. Mteja akishangaa kwa nini bei ya Utawala imeipita ya Kikuyu wakati ploti ni za ukubwa mmoja, namwonyesha hesabu ya tipa tu, naye ananyamaza.

Udongo mwekundu nao una wateja wake wajanja. Huko kuna mikaratusi. Mwenye shamba anaona miti ni pesa (na kweli ni pesa, nguzo na kuni haziozi sokoni), analeta watu wa msumeno wanaikata yote karibu na ardhi, anauza, halafu ndipo ananiita ning'oe visiki. Hapo ameuza mti na mpini wake. Mkaratusi uliosimama nauangusha kwa akili: tunachimba kuuzunguka, tunakata mizizi ya pembeni kwa meno ya baketi, ile ndoo ya kuchimbia, kisha bumu inasukuma shina kule juu. Urefu wa mti ndio unaofanya kazi, mzizi unainuka wenyewe. Kisiki kilichokatwa chini hakina pa kushika. Unabaki kukikwaruza na kukizunguka, huku baketi ikivutwa kwa pembeni, na kuvuta kwa pembeni ndiko kunakopanua matundu ya pini. Kwa hiyo nina bei ya mti na bei ya kisiki, na ya kisiki iko juu. Kama unataka kuuza miti, niache niiangushe kwanza, msumeno uje baadaye. Kibali cha kukata ni chako kutafuta, nami nakiona kwa macho kabla mashine haijapanda loubedi, lori la kuibebea.

Paipu za haidroliki hupasuka kokote. Ikipasuka, usiende dukani na vipimo vya kichwani. Beba ile ya zamani, utengenezewe nyingine ukisimama pale. Kitu ninachogombana nacho dukani ni usafi: paipu ikikatwa kwa msumeno inabaki na unga wa mpira na chembe za waya ndani. Nasimama mpaka ipulizwe hewa nione upande wa pili. Chembe zile zikiingia kwenye mfumo zitatembea mpaka kwenye pampu, na pampu ndiyo itakayokufilisi. Huku nyuma saitini, matundu yaliyobaki wazi yamefungwa, hasa Kitengela vumbi likivuma. Na jamani, msitafute tundu linalovuja kwa mkono. Tumia kipande cha katoni. Oili inayotoka kwenye kitundu cha sindano inapenya ngozi, na mtu aliyepenywa ni wa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama haoni damu.

Dizeli sina mengi. Inaenda lita 15 hivi kwa saa, kutegemea kazi, na kila tarehe 14 ya mwezi tunasubiri EPRA, mamlaka ya nishati, watangaze bei mpya. Tangi linajazwa jioni nikiwapo, ili hewa yenye unyevu isipate nafasi ya kugeuka maji usiku. Faida nyingine ya kujaza nikiwapo kila mtu saitini anaijua.

Wiki hii mashine iko yadi. Pini mbili za baketi zimeisha na bushi zake ziko kwa fundi wa kukereza Kariobangi, ameahidi Alhamisi, yaani Jumamosi. Mzee wangu, opareta, anataka tuchukue ile kazi ya Ruai kwa sababu mwenye ploti yuko tayari kulipa amana. Nimemwambia, "Mzee, tazama mawingu." Mvua za vuli zimeshaanza. Tutaenda Kikuyu kwanza, ambako tope linakauka baada ya jua la siku moja. Wa Ruai nimempa Januari, na nimemwomba asikate miti yake.