Kutu Niliyoipaka Pasipo na Kutu

Fundi wa kupuliza rangi wa gereji ya jirani, hapa Majengo, Moshi, alikizungusha kifaru changu mkononi bila kusema neno. Mwishowe akanirudishia. "Mwanangu, gari likifika hali hii hatulipaki rangi tena. Tunaliuza kwa kilo."

Kifaru chenyewe ni modeli ya rimoti ya Sherman M4A3, kifaru cha kivita cha Marekani cha Vita vya Pili vya Dunia, kipimo cha 1:16. Sherman halisi ina urefu wa karibu mita 6, kwa hiyo yangu ni kama sentimita 37. Ilitoka kwenye boksi ikiwa kijani cha beseni la plastiki. Nilitaka ionekane imetoka vitani, basi nikaipaka rangi ya kutu kuanzia juu mpaka kwenye cheni za kutembelea.

Niliporudi nyumbani ndipo nikaanza kusoma, na aibu ikanishika. Cheni nyingi za Sherman zilikuwa na vipande vya mpira, na za modeli yangu ni za aina hiyohiyo, zenye alama ya V. Hata magurudumu yake yamevishwa mpira. Mpira haupati kutu! Chuma kinachoonekana pale ni hasa vile viungio vya pembeni vinavyoshikwa na meno ya gurudumu la mbele, na hivyo husuguliwa mpaka vikang'aa. Mimi nilikuwa nimeutia mpira kutu, na chuma kilichotakiwa kung'aa nimekizima.

Nikaanza upya. Tina ya kuzimulia rangi ya gari inayeyusha plastiki, hiyo niliiogopa. Kwa bahati rangi yangu ilikuwa ya maji, ikakubali kutoka kwa spiriti na mswaki mkuukuu. Mota, betri na saketi nilikuwa nimeshazitoa.

Kabla ya rangi nilishughulikia mwonekano wa chuma chenyewe. Kichwa cha Sherman, kile kinachozunguka na mzinga, kilimiminwa kwenye kalibu, hivyo uso wake una vinundu vidogovidogo. Cha plastiki kilikuwa laini kama yai. Nililainisha pati kwa maji, nikaigongagonga juu yake kwa brashi ngumu, ikikauka napitisha msasa kidogo. Bodi ya M4A3, kinyume chake, ni mabamba yaliyochomelewa. Kwenye maungio nikalaza uzi mwembamba wa gundi ya epoksi na kuutia mikunjo kwa kijiti cha meno. Kazi ya jioni nne, na shingo iliniuma wiki nzima.

Rangi sina mengi ya kusema. Fundi alinipa kompresa yake Jumapili moja, nikapuliza kijani cha jeshi nilichokipunguza ukali kwa rangi ya maziwa kidogo, maana kitu kidogo kikipakwa rangi halisi huonekana cheusi zaidi. Juu yake vanishi, kisha rangi ya mafuta ya kahawia iliyozimuliwa sana kwa tapentaini, ikatambaa yenyewe kwenye mifereji na kuzunguka vichwa vya boliti. Kutu nilibakiza kwenye ekzosi tu.

Tope ndilo lililonifundisha. Wiki ile katapila lilikuwa likichonga barabara huko juu, nikaenda kusimama pembeni kama mtoto. Tope zito halikuwa kila mahali. Lilijazana nyuma ya magurudumu, kwenye kona ambazo hakuna kinachozisugua. Mabamba ya juu yalikuwa na vumbi jepesi tu, na vumbi lenyewe lilifutika pale alipokuwa akikaa msaidizi wa dereva.

Udongo wa Kibosho ni mwekundu mno kwa kifaru kilichopigana Ulaya mwaka 1944. Niliutwanga, nikauchekecha kwa soksi ya nailoni, kisha nikauchanganya na majivu ya jiko la mkaa mpaka ukafifia. Kuchekecha si anasa: chembe ya milimita 1 kwenye modeli hii ni sawa na kokoto ya milimita 16. Awali nilijaribu machicha ya kahawa, Mchaga gani anakosa kahawa? Rangi ilikuwa nzuri ajabu. Siku ya tisa yakaota ukungu mweupe, nikayakwangua yote.

Nikaupaka udongo ule kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, na tone la sabuni ya vyombo ili ipenye. Safari ya kwanza uani, nusu ya tope ilimwagika na chembe zikaingia kwenye ekseli, gurudumu moja likawa linalia. Modeli ya kabatini ingevumilia tope lile, lakini hii inatembea. Nikasafisha, nikaziba ekseli kwa tepu ya karatasi, nikapaka tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, na vanishi isiyong'aa juu. Sasa halidondoki.

Nilipokipeleka tena gereji, fundi alipitisha kidole kwenye madigadi na kukifuta kwenye ovaroli, kwa mazoea. Akakazia macho upande wa mbele.

"Dereva anapandia wapi?"

Nikamwonyesha.

"Mbona rangi ya hapo ni nzima?"

Jioni hiyo nilichonga penseli, nikasaga unga wake mweusi unaong'aa kama chuma, nikausugua kwa ncha ya kidole kwenye kingo za mfuniko wa dereva na pale kiatu kinapokanyaga.