Nilivyomdhamini ndugu yangu mahakamani

Ndugu yangu alishtakiwa kwa wizi hapa Tanzania, kesi ikafunguliwa Mahakama ya Wilaya. Kabla ya kutafuta wadhamini niliuliza kwanza kesi iko mahakama gani, maana watu utakaowakuta hawafanani. Mahakama ya Mwanzo haina mwendesha mashtaka wa serikali. Mlalamikaji mwenyewe ndiye anayesimama kuthibitisha kosa na kuleta mashahidi. Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi yupo wakili wa serikali kutoka Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, na huyo ndiye anayesema upelelezi umefikia wapi au kama anapinga dhamana. Mpelelezi wa polisi hana uamuzi tena hapo, ingawa familia nyingi bado humfuata yeye.

Kazi kubwa iko kwenye makaratasi ya wadhamini. Masharti anayataja hakimu, na mara nyingi anataka wadhamini wawili, kila mmoja na kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa na picha. Nilikagua barua herufi kwa herufi. Kitambulisho kikisema Hassan na barua ikasema Hassani, karani anakurudisha. Muhuri uonekane, na namba ya simu ya mwenyekiti iwepo ili barua ihakikiwe. Nilifika na wadhamini asubuhi, shtaka halijasomwa bado. Ukichelewa, hati ya mahabusu inasainiwa na karandinga linaondoka naye. Baada ya hapo lazima mahakama itoe hati ya kumrudisha, na hiyo ni siku nyingine.

Dhamana yenyewe haina ada. Kama sharti ni kuweka fedha taslimu, zinalipwa kwa kumbukumbu namba ya serikali na unapewa risiti. Anayekuomba "ya chai" korido hana mamlaka ya dhamana, awe amevaa suti au sare. Ukisaini hati ya dhamana umejifunga: mshtakiwa akitoroka, wewe ndiye utakayeitwa ujieleze, na kiasi ulichosaini unaweza kudaiwa.

Tarehe nilizichukua kwa karani wa hakimu, nikiuliza pia kesi inakuja kutajwa au kusikilizwa. Ya kutajwa haihitaji mashahidi, lakini mshtakiwa aliye nje lazima afike, la sivyo hati ya kumkamata inaweza kutolewa.

Mauaji ni habari nyingine kabisa. Shtaka husomwa mahakama ya chini na mshtakiwa haulizwi kama anakubali au anakataa, kwa kuwa kesi ni ya Mahakama Kuu mbele ya jaji. Dhamana hakuna, usihangaike na wadhamini. Asiye na uwezo hupangiwa wakili kwa gharama ya serikali. Uhujumu uchumi mkubwa una divisheni yake Mahakama Kuu tangu 2016. Watoto nao wana mahakama yao, kesi husikilizwa faragha na afisa ustawi wa jamii yupo.

Hukumu ikitoka ya kufungwa, omba siku hiyohiyo kwa maandishi nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, notisi ya kukata rufaa ni ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala hazihesabiwi katika hizo 45, ila notisi haisubiri nakala. Aliye gerezani huipitisha kwa mkuu wa gereza.