Champagne na Kitimoto Njombe

Kondakta wa basi letu kutoka Dodoma aling'ang'ania mfuko wangu uende kwenye buti, nikakataa katakata. Ndani kulikuwa na Champagne, mvinyo wa mapovu, zawadi ya Mfaransa aliyetembelea shamba letu la zabibu, na chupa ya namna ile ina mgandamizo wa angahewa 6 hivi, zaidi ya mara mbili ya tairi la gari dogo. Nikaipakata kupita Mtera, Iringa, Makambako, mpaka Njombe.

Njombe mwezi Agosti baridi inauma. Gesti walinitoza elfu thelathini na tano, na maji ya moto yakaja kwenye ndoo baada ya kuyadai mara mbili. Angalau chupa haikuhitaji friji: Champagne hunywewa kwenye nyuzi 8 hadi 10, na dirishani palitosha.

Jioni shemeji akanipeleka kula kitimoto. Mhudumu kuiona chupa tu, akasema kinywaji cha kuja nacho kinalipiwa elfu kumi. Elfu kumi, na bilauri zenyewe za plastiki! Nililalamika, lakini nikalipa, maana nyama ilikuwa inatolewa kwenye karai.

Nilishika kizibo, nikazungusha chupa polepole mpaka kikaachia. Mzee wa meza ya jirani, ambaye nilishamwamkia na kumweleza ninachofungua, akasogea.

"Mwanangu, si umesema zabibu nyeusi? Mbona nyeupe?"

Boksi la zabibu nilizomletea shemeji lilikuwa miguuni petu. Nikachukua moja nyekundu, nikaiminya: maji yakatoka meupe.

"Rangi iko kwenye ganda, mzee. Kule wanazikamua upesi na kwa upole, ganda lisiachie rangi."

Nikamweleza kuhusu Pinot noir na Meunier, zabibu nyeusi za eneo la Champagne, kaskazini mwa Ufaransa. Mvinyo ukishachacha mara ya kwanza hutiwa chupani pamoja na sukari na hamira, unafungwa, unachacha tena humohumo, na gesi inakosa pa kutokea. Hauuzwi kabla ya miezi 15.

"Miezi kumi na tano! Ulanzi wa leo, keshokutwa ushakuwa mkali."

Funda la kwanza lilimkunja uso. Ukali wa baridi ya kule, ambayo hairuhusu zabibu kupoteza uchachu wake. Nikamwomba atafune kwanza kipande chenye mafuta na chumvi, ndipo anywe. Akanyamaza, akachukua kipande kingine. "Inakata mafuta," akasema. Viazi vya kukaanga navyo vilikubali vizuri sana. Pilipili ilikataa, kwa kuwa mapovu na kilevi viliuchochea moto wake. Ndizi tamu za kukaanga ziliufanya mvinyo uonekane mchachu kupita kiasi.

Usiku ule sikulala mapema. Dodoma jua linaivisha zabibu haraka, sukari inapanda na uchachu unashuka, na mkulima anayevuna mapema huonekana ana njaa. Kumbe kwa mvinyo wa mapovu, kuvuna mapema ndiko kunakotakiwa, hata huko kwenye baridi. Kitimoto kwetu kipo tele, kuku wa kukaanga yupo, samaki wa Mtera wapo, na tunavishushia soda.

Asubuhi nikampigia kaka simu, nikamwomba avune mistari miwili kabla ya wenzake.

"Na chupa za kuhimili hiyo gesi utazitoa wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia avune kwanza.