Mama kauliza: "Yananukia?"

Nayaandika haya nikiwa Mtambwe, Pemba, barazani kwa mama, vidole vimeshika rangi ya kahawia na harufu ya karafuu haitoki hata kwa sabuni. Nimekuja likizo ya wiki tatu kutoka Leiden, Uholanzi, na msimu ukiwa umepamba moto hapa nyumbani hakuna mgeni. Ukishanywa chai tu, wasogezewa kipolo chako uchambue.

Mara hii nimekuja na shughuli yangu pia. Pasipoti ya mama iko kwenye mkoba, na nia yangu ni kwamba mwakani, 2026, aje anione, na aje wakati wa maua. Miaka tisa naishi huko, na kila majira ya kuchipua nampelekea picha kwenye simu. Yeye hujibu "Mashaallah" na kuniuliza kama nimekula.

Nikamwanzia baada ya Alasiri. Nikamwambia kuna bustani inaitwa Keukenhof, katika mji wa Lisse, si mbali na kwangu, eneo lake hekta 32. Kila mwaka watu hupanda humo vitunguu vya maua kama milioni saba, si vya kupikia, ni vile ambavyo tulipu na maua mengine huchipukia, kwa mkono, kimoja kimoja. Na wakati huu tunaozungumza, mwezi wa Novemba, ndio wamo kwenye kupanda.

"Milioni saba," akasema, mkono haujasimama. Mama akichambua hulishika shada kwa mkono mmoja, akalisokota kwenye kiganja cha mwengine, karafuu zikamwagika jamvini na konyo likabaki. Hata haangalii. "Na bustani yafunguliwa lini?"

"Mwakani tarehe 19 Machi mpaka 10 Mei. Baada ya hapo hufungwa mpaka mwaka mwengine."

"Wiki nane tu?"

"Hata nane hazitimii."

Akalitupa konyo. "Yananukia?"

Wallahi swali hilo sikulitegemea. Kwenye mabasi ya kwenda Keukenhof nimekaa na watu wa kila kabila na sijamsikia hata mmoja akiliuliza. Lakini kwetu ua lisilonukia lina kazi gani? Asumini hutiwa kwenye nywele na kwenye kitanda cha biarusi. Kilua, waridi na mrihani hufungwa kikuba, watu wakajua umepita hata kabla hujaonekana. Na karafuu yenyewe, hii iliyosomesha nusu ya ukoo wetu, ni kitumba cha ua kinachochumwa kabla hakijafunguka. Kikishachanua kimeshapoteza thamani. Sasa mimi namwambia mama atoke Pemba kwa meli na ndege, akaangalie maua yaliyochanua yasiyonukia.

"Tulipu nyingi hazinukii sana," nikakiri.

"Khaa."

Hapo mipango yangu yote ikapinda. Nilikuwa nimeshapanga wiki ya mwisho ya Aprili, kwa sababu kila mtu hukwambia tulipu hukolea kuanzia katikati ya Aprili kuendelea. Lakini maua ya Uholanzi yana zamu. Machi mwishoni hutangulia dafodili, za manjano. Zikifuatana nazo huja haisinti, na hizo ndizo zenye harufu. Zinanukia mpaka ukipita na baiskeli kando ya shamba wahisi kama mtu kakumwagia marashi. Tulipu hufuata, na zikishapamba moto haisinti za mashambani zinamalizikia. Anayetaka rangi huenda mwishoni. Anayetaka harufu awahi. Na anayetaka vyote viwili kapewa mlango mwembamba katikati, kama siku kumi za Aprili, na hizo nazo zategemea baridi ya mwaka huo. Ua halijui kama umeshakata tiketi.

Kuchelewa nakujua. Mwaka juzi binamu yangu alikuja kutoka Sweden, nikamwambia usiwe na wasiwasi, mwanzo wa Mei ni kuzuri, watu wamepungua. Tukakodi baiskeli mpaka mashambani. Shamba baada ya shamba, majani tu, na pembeni mafungu ya vichwa vya tulipu yaliyokatwa yanaoza. Binamu yangu alidhani kumepita maradhi. Ilinibidi nimweleze kwamba mkulima wa pale haliuzi ua la shambani, auza kitunguu. Ua likishachanua akaliona kuwa ni rangi aliyoipanda, hulikata kichwa, nguvu zirudi chini kitunguu kinenepe. Wageni huliona shamba lenye rangi wakadhani ni pambo walilopambiwa wao.

Nilipomsimulia mama kisa hicho, yeye hakuhitaji maelezo. "Sie twavuna juu, wao wavuna chini," akasema. "Ungemwambia hivyo huyo mtoto, asingesononeka." Kisha akataka kujua vitunguu hivyo vyaliwa? Nikamwambia havifai, lakini katika baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani wameikalia nchi na chakula hakuna, Waholanzi walivila. Akanyamaza kidogo. Mama aliziona zile foleni za chakula za miaka ya sabini mwanzoni. "Basi na wao washapata foleni," akasema, akavuta shada jengine.

Haya, tarehe. Idi inatarajiwa karibu na 20 Machi, mwezi ukiandama. Mama hasafiri kabla hajamaliza saumu zake sita za Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, kwa hiyo Machi haimo. Pasaka ya Wakristo ni 5 Aprili, na Jumatatu yake pia ni mapumziko. Siku hizo Keukenhof usiikaribie, utaona migongo ya watu tu. Tarehe 27 Aprili ni siku ya mfalme wao, treni hujaa watu waliovaa rangi ya chungwa, na mama yangu simtii humo. Wikiendi nazo nimezifuta. Imebaki Jumanne, 14 Aprili. Tiketi hununuliwa mtandaoni na wachagua saa yako ya kuingia, na siku za kilele hizo saa nzuri huisha mapema. Milango hufunguliwa saa mbili asubuhi. Nitachukua saa mbili hiyo hiyo, kabla mabasi ya Amsterdam hayajamwaga watu. Kwetu Leiden kuna basi la moja kwa moja, halifiki hata saa moja njiani.

Viza ndiyo inayonikosesha usingizi. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwaka jana nilijitia ujanja nikasubiri mpaka Februari. Ofisi inayopokea maombi haikuwa na nafasi ya alama za vidole mpaka maua yamepukutika. Sikuwa na wa kumlaumu zaidi ya nafsi yangu, ingawa nililaumu. Mara hii fomu ya udhamini na malazi nimeshaitia saini mbele ya karani wa manispaa kule Leiden, hati za mshahara ninazo, bima ya matibabu ya yuro 30,000 nitakata, na ada ni yuro 90 ambazo hurudishiwi ukikataliwa. Kinachobaki ni mama mwenyewe kwenda Dar kutoa vidole. Hilo ni gari mpaka Mkoani, meli mpaka Unguja, boti mpaka Dar, kulala kwa ami, na kurudi. Safari ya kuomba ruhusa ya safari. Mama kasema kama ni hivyo, basi apitie na Kariakoo.

Kingine ni baridi. Watu wakisikia "majira ya kuchipua" huona jua. Aprili asubuhi huwa nyuzi 5 au 6, mchana ikijitahidi 13 au 14, na upepo wa kule hauna adabu, waingia chini ya buibui. Nimemwekea soksi za sufi na koti. Miguu yake nayo haimudu njia zote za bustani ile, maana ukizijumlisha ni kilomita 15. Viti vya magurudumu vipo vya kuazima, lakini ukimwambia mama akalie kiti cha magurudumu atakuuliza kama umesikia anaumwa. Nitamwambia ni cha kuwekea mikoba, kisha tutaona saa tano itakuwaje.

Alilolishangaa kuliko maua ni sala. Hapa Maghribi haitoki sana kwenye saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima. Kule katikati ya Aprili jua huzama saa mbili na nusu usiku. "Na Isha?" Nikamwambia Isha tutakuwa tunasinzia. Akataka nimwandikie nyakati zote kwenye karatasi, kwa herufi kubwa.

Jioni ami yangu alipita, akasikia habari za tulipu, nami nikapata wa kumtolea elimu yangu. Ua hili si la Wazungu. Lilitoka kwa Waturuki, likapandwa Leiden miaka ya 1590 na bingwa wa mimea Clusius, na jina lenyewe, tulipu, lina asili ya neno la Kituruki la kilemba, kwa vile ua lilivyojizonga. Watu wakalipandishia bei mpaka yasimuliwa kitunguu kimoja kilifikia thamani ya nyumba, kisha Februari 1637 soko likaporomoka. Ami hakushangaa. Kazaliwa chini ya mkarafuu, bei kupanda na kuanguka kaziona. Akauliza tu kama na wao wanauzia serikali, kama sie na karafuu zetu.

Nimemfichia mama jambo moja la kumfurahisha. Jumamosi moja ya Aprili hupita maandamano ya magari yaliyopambwa kwa maua, kutoka Noordwijk mpaka Haarlem, kilomita 42, yakipita Sassenheim na Lisse, na muziki juu, kama bwana harusi anapelekwa kwa beni. Hakuna kiingilio, wasimama tu kando ya barabara. Na magari hayo hupambwa kwa haisinti kuliko ua jengine lolote. Yanapokaribia, harufu hufika kabla ya ngoma.

Nilimwambia tu kwamba wiki hiyo haisinti zitakuwepo na zinanukia sana. Akaacha kuchambua kwa mara ya kwanza.

"Nitachuma?"

"Bustanini hairuhusiwi, mama."

"Hata moja la kutia mtandioni?"

"Hata moja."

"Basi nitakuja na asumini zangu."

Nikamwambia zitafika zimenyauka, safari ya siku mbili. Akasema huo ni mzigo wake, nishughulike na viza.