Bloki ya Volkswagen, jeki na mashine ya tambi: kumbukumbu ya mradi wangu wa magnesiamu

Wiki ya kwanza

Haya wadau, nimeanza rasmi. Kuna bloki ya injini ya Volkswagen Beetle, ile gari ya mgongo wa kobe, imelala nyuma ya gereji moja hapa Ngamiani miaka na miaka, watu wanaipita wakijua ni aluminiamu. Kumbe bloki za zile injini zilimiminwa kwa aloi ya magnesiamu, yaani magnesiamu iliyochanganywa na metali nyingine. Ukiinyanyua ndo utaelewa, mkono unapaa wenyewe maana ulishajiandaa kwa mzigo mwingine kabisa. Magnesiamu ni gramu 1.74 kwa kila sentimita moja ya ujazo, aluminiamu 2.7, chuma kinakaribia 7.9. Kuhakikisha nikakwangua kidogo na tupa nikadondoshea siki ya kachumbari, ikachemka vipovu palepale, aluminiamu haifanyi hivo. Nikainunua bei ya skrepa nikaifunga kwenye keria ya baiskeli mpaka nyumbani Makorora, na Tanga hakuna anayegeuka kuangalia mzigo wa baiskeli.

Ninachotaka ni hivi: kutengeneza kijiti cha magnesiamu chenye nguvu kuliko bloki yenyewe ilivyotoka kiwandani, bila kuiyeyusha. Kwenye kazi ya poda za chuma unachukua chembe ndogondogo, unazishindilia, unazipa joto chini ya kiwango cha kuyeyuka, afu unazipenyeza kwenye tundu dogo zishikane. Wajapani ndo walinitia wazimu huu, watafiti kina Kawamura mwaka 2001 walitoa aloi ya magnesiamu yenye zinki kidogo na itriamu (metali nyingine tu), wakaianzia kwenye poda iliyopozwa haraka sana, ikavumilia megapaskali 610 (kipimo cha nguvu inayokandamiza au kuvuta kwa eneo) kabla haijaanza kupinda moja kwa moja. Chuma laini cha kawaida ni kama 250. Mimi sina itriamu wala maabara, nina bloki ya skrepa.

Poda yenyewe sitatumia, niseme mapema. Unga laini wa magnesiamu ni baruti, unahitaji chumba cha gesi ya agoni na watu wenye akili zao. Mimi nitatumia maranda, yale yanayotoka kwenye mashine ya kukerezea, manene ya kutosha.

Wiki ya pili

Nimeenda kwa mzee mmoja mkerezaji barabara za namba huku Ngamiani, ile mitaa inayoitwa kwa namba. Nikamwambia shikamoo mzee, naomba unikerezee hii lakini taratibu, kisu kikali, usiweke maji. Akaangalia bloki akaniangalia mimi. "Mwanangu, hii mali inawaka, unajua?" Nikamwambia najua mzee, nimekuja na ndoo ya mchanga. Akacheka, akasema wote wanaoijua magnesiamu wanajulikana kwa ndoo ya mchanga.

Na mchanga wenyewe usichote ufukweni ukaja nao mbichi. Niliukaanga kwenye karai mpaka ukakauka kabisa, kwa sababu maji kwenye moto wa magnesiamu ni kuuchochea tu, ile kitu inanyang'anya oksijeni ya maji na kuacha haidrojeni ambayo nayo inawaka. Hata ule mtungi wa kuzimia wa kabonidayoksaidi hausaidii, inanyang'anya na huko. Tumepata maranda kama nusu kilo, nimeyatia kwenye bati kavu lenye mfuniko. Hewa ya Tanga hii ina chumvi na unyevu, ukiyaacha wazi siku mbili yanapoteza mng'ao.

Wiki ya nne (ya tatu nilikuwa Muheza msibani)

Kalibu, yaani kifaa cha kushindilia na kupenyezea maranda, imekamilika. Mzee kanitobolea kipande cha ekseli ya lori, tundu la milimita 20, chini pana mdomo wa milimita 8. Jeki ya tani 20 nimeichomelea fremu ya chaneli. Piga hesabu: tani 20 kwenye duara la milimita 20 ni kama megapaskali 620, inatosha sana.

Nikaziba mdomo wa chini nikashindilia maranda kijiko kwa kijiko, baridi. Kikatoka kipande kizuri cha mviringo kinang'aa kama shilingi mpya. Nikakipeleka kwa sonara kwa sababu mzani wa jikoni unadanganya, kipande cha urefu wa milimita 25 kikasoma gramu 12.2, ujazo wake nikipima kwa vernia (rula ya vipimo vidogo) ni sentimita 7.85 za ujazo, kwahiyo ni gramu 1.55 kwa kila sentimita ya ujazo. Aloi yenyewe ya bloki bila matundu ni kama 1.8, maana yake bado asilimia 14 ni hewa. Sonara akaniuliza fedha gani hii nyepesi hivi, nikamwambia fedha ya kobe.

Afu nikakidondosha sakafuni kikavunjika vipande vitatu.

Hapo ndo nimejifunza kitu ambacho nilikisoma bila kukielewa. Kila randa limevaa ngozi ya oksaidi, yaani magnesiamu iliyoshikana na oksijeni ya hewa, na oksaidi ya magnesiamu ni ngumu kuiondoa, huwezi kuipokonya oksijeni kwa haidrojeni kama wanavyofanya kwenye poda ya chuma. Kubana peke yake kunazikumbatisha ngozi kwa ngozi, nyama haigusani na nyama. Inabidi itiririke, ngozi ipasuke, nyama mpya ikutane. Ndo maana ya ule mdomo wa chini, ni mashine ya tambi tu hii, ile ya mama zetu mwezi wa Ramadhani, ila unga wake ni chuma.

Wiki ya tano

Jaribio la kwanza la tambi nimelivuruga mwenyewe. Waya wa oveni nimeuzungushia kalibu na udongo wa mfinyanzi juu, themokapo (kipima joto cha waya) ndani, lakini nilikuwa na haraka nikaanza kusukuma kwenye digrii 250. Haiendi. Nikazidi kupampu, sili ya jeki ikapasuka, mafuta yakaruka kwenye kalibu ya moto, moshi chumba kizima, mimi nimekumbatia ndoo ya mchanga nje kama mtoto mchanga. Magnesiamu haikuwaka ila jirani hanisalimii saivi.

Wiki ya saba

Sili mpya, digrii 380. Juu zaidi sitaki, aloi zenye aluminiamu nyingi zinaanza kuyeyuka kwenye 437, kwenye mipaka ya chembe, na hapa chembe ni zile fuwele ndogo zinazounda metali, si chembe za poda. Kijiti cha kwanza kimetoka, wallah nilipiga kelele, lakini kimepasukapasuka ubavuni kama ngozi ya nyoka kwa sababu nilikisukuma haraka. Cha pili nikaenda pole, pampu moja, nahesabu hadi kumi, pampu nyingine. Kimetoka laini, na kwa mzani wa sonara ni 1.78.

Kupima: kijiti cha milimita 8 juu ya matofali mawili, mwanya wa sentimita 15, katikati kamba na ndoo, natia mchanga kidogokidogo. Kijiti kilichochongwa kwenye bloki yenyewe kiligoma kunyooka tena baada ya kilo 18. Changu kimeenda mpaka 31! Nilirudia na kijiti kingine nikapata 29.

Sababu yake naielezea kwa Ngamiani. Ukiwa na baiskeli kwenye barabara ndefu iliyonyooka unateleza tu, lakini ukikatiza barabara za namba, kila hatua chache njia panda, breki, njia panda, breki. Ndani ya chuma kinachoteleza ni kasoro za mpangilio wa atomi, na njia panda ni mipaka ya chembe. Bloki iliyomiminwa ina chembe kubwa, barabara ndefu. Maranda yalishakandamizwa na kisu, kwenye mdomo wa kalibu yakapondwa tena yakiwa ya moto zikazaliwa chembe mpya ndogo, na vile vipande vya oksaidi vilivyopasuka vikabaki kama matuta. Magnesiamu inafaidika na hili kuliko aluminiamu, maana kwenye baridi atomi zake zinapenda kuteleza upande mmoja tu, ukiuziba huo umeibana kweli.

Wiki ya tisa

Kipande kimoja nilikiacha dirishani kwa dada Raskazone, upepo wa bahari unakipiga uso kwa uso. Siku kumi tu kimeota unga mweupe na vishimo. Cha pili nimekipaka vanishi, kipo palepale kinasubiri, ila dada kasema kufikia Ijumaa nikiondoe maana ana wageni, na ndoo yake anaitaka ikiwa haina mchanga.