Baluni Nyeusi ya Baba

Gari la Baba lilikuwa Toyota Mark II GX100, ile wanayoiita baluni, jeusi tii, na mtoto wa shangazi alishaahidiwa kwamba ndilo litakalombeba siku ya harusi yake. Baba akaona alipendezeshe kwanza. Akalipeleka kwa watu wanaopiga polishi kwa mashine, likarudi magharibi linang'aa hadi majirani zetu pale Chumbageni, Tanga, wakatoka kulitazama. Lilipooshwa kwa sabuni mara moja mbili, mng'ao ule ukaenda na maji. Saa nne asubuhi, jua likiwa limepiga boneti, tukaona ukungu wa kijivu uliojipinda kwa mawimbi, nao unahama kila unaposogea hatua. Chini ya ukungu kulikuwa na ile mikwaruzo ya siku zote, imezunguka kama utando wa buibui.

Baba hakugomba. Alipitisha kiganja juu ya boneti, akakitazama, hakuna kitu. Nikamshauri alirudishe kulekule wakalitengeneze. "Aliyekuumiza jicho moja humpelekei la pili," akasema, akaingia ndani.

Mdogo wangu alikuwa Muscat, kazi yake ni hiyohiyo, kung'arisha magari kwenye karakana. Likizo yake ilikuwa karibu. Nikamtumia picha, akajibu usiku uleule: "Dada, msiliguse. Wala msilifute. Nakuja na mashine."

Akaja nayo kweli, ameizungushia nguo za watoto ndani ya sanduku, halua juu yake. Plagi za Omani ni za miguu mitatu kama zetu, kwa hiyo ilichomekwa ukutani bila adapta. Lakini hakuanza na mashine. Usiku wa kwanza alichukua tochi tu, akanivuta nje tukalizunguka gari taratibu, akinionyesha vitu viwili ambavyo mimi nilidhani ni kimoja.

Ile mikwaruzo ya mviringo, akasema, haikukwaruzwa kwa mviringo. Imetapakaa kila upande, ila macho yanaona ile tu iliyokaa kukingama na mwanga, ndiyo maana inaonekana imezunguka taa. Akasogeza tochi, na utando mzima ukahama pamoja nayo. Ukungu ni jambo jingine. Huo umefuata njia ya mashine yenyewe: mashine nzito ya kuzunguka tu, pedi ya sufi, dawa kali, halafu kazi ikaachwa hapo bila kumaliziwa kwa pedi laini. Mafuta yaliyomo kwenye dawa yalijaza mistari, gari likang'aa. Sabuni ikayatoa.

Hapo ndipo ninapokasirika hadi leo. Hatua ya mwisho haikosekani kwa sababu ni ngumu, inakosekana kwa sababu mteja anaondoka ameridhika. Mtu analipia mafuta akidhani amelipia kazi.

Asubuhi tulilisogeza gari kwenye banda la bati, maana bodi ikipata moto polishi inakauka kabla haijafanya kazi. Tukaliosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga ubaki huko chini. Lilipokauka, mdogo wangu alivaa mfuko wa mkate mkononi akaupitisha juu ya buti, akaniambia nami nijaribu. Kwa kidole kitupu palikuwa laini. Kupitia ule mfuko nilisikia chembe tele: vumbi la breki na utomvu vilivyojishika kwenye rangi. Tukavitoa kwa udongo maalumu unaofinyangwa, pole pole, juu ya maji ya sabuni ili usikwame.

Halafu akatia tone la polishi kwenye kitambaa cheupe, akasugua pembeni mwa mlango. Kitambaa kikawa cheusi. Akafungua boneti, akasoma kibati: rangi nambari 202, nyeusi ya Toyota.

"Hili halina klia," akasema. Magari mengi yana rangi, halafu juu yake klia, yaani tabaka angavu lisilo na rangi, na ukiondoa mikwaruzo unapunguza klia kidogo tu. Rangi yote ya gari kutoka kwenye bati kwenda juu ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Hapa kila tutakachokiondoa ni weusi wenyewe, na hauwi mwingine. Akatandaza tepu ya karatasi kwenye mipira, kwenye plastiki, na kwenye kona zote za bodi, kwa kuwa konani rangi huwa nyembamba kuliko kwingine.

Alianza na kipande cha boneti, kama nusu mita kwa nusu mita, kwa pedi laini kuliko zote na polishi laini kuliko zote. Nilitamani aanze na kali tumalize mapema. Akakataa: unaanza na kinachoumiza kidogo, kikishindwa ndipo unapanda. Mashine yake ilikuwa inazunguka na kuyumba kwa wakati mmoja, kwa hiyo haiachi njia moja ikichimba mahali pamoja. Matone machache kwenye pedi, anayapaka kwanza kwa mwendo mdogo, kisha anaongeza. Mkono unakwenda taratibu mno, kwa mapana halafu kwa marefu, pedi imelala sawasawa, bila kukandamiza. Mimi kazi yangu ilikuwa kufuta na kumulika. Lebo za vitambaa vya maikrofaiba alishazikata kwa mkasi, maana lebo nayo inakwaruza.

Ukungu uliondoka. Mikwaruzo ikabaki. Akapanda pedi ya kati, mikwaruzo ikalegea, ila yenyewe ikaacha utusitusi wake mwembamba, basi akarudi tena kwenye laini. Kisha akapulizia alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, akafuta mafuta yote, ndipo akaniambia mulika. Nikamulika. Niliona balbu ya tochi imekaa ndani ya weusi, peke yake, bila kitu chochote pembeni yake. Nilipiga kelele hadi Mama akatoka jikoni.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake muda wote. Akainuka, akatazama, akauliza swali nililokuwa nikiliogopa: "Mwanangu, hii mikwaruzo yenyewe ilitoka wapi? Mimi gari langu nalifuta kila siku."

Kweli alilifuta kila siku. Baada ya sala ya alfajiri, na dasta kavu, miaka na miaka, kabla hajanywa chai. Mdogo wangu akazima mashine, akaiweka chini. "Baba, samahani. Vumbi letu ni mchanga. Ukilifuta kavu, mchanga unatembea juu ya rangi. Hakuna aliyelipenda gari hili kuliko wewe, ndiyo maana limekwaruzika sana."

Nilimwona Baba akilitazama dasta lililoning'inia kwenye msumari. Akauliza ndoo ile ya pili inawekwa upande gani.

Kuanzia hapo akawa fundi msaidizi. Umeme ulipokatika alikaa na mdogo wangu wakisafisha pedi kwa brashi. Uliporudi akashika waya ya ekstensheni begani isiburuze bodi. Kwenye ukingo wa buti palikuwa na mkwaruzo uliokamata kucha, akaomba utolewe. Mdogo wangu akamwonyesha: ukucha ukikwama, mkwaruzo umezama, kuufuata ni kufika kwenye praima, ile rangi ya msingi iliyo chini ya weusi. Tukauzungushia kingo tu usishike mwanga, tukauacha. Mwisho tukapaka nta ya kanauba, nta ya mmea, tabaka jembamba, na gari likalala bandani.

Siku ya harusi vijana wa mapambo walikuja na maua, riboni na rola mbili za selotepu. Baba aliwapokea kwa karibu zote na soda baridi, akachukua selotepu akaitia mfukoni mwa kanzu. Riboni zikafungwa kwenye vitasa na vioo vya pembeni, shada la maua likafungiwa kwenye grili kwa kamba ya pamba, na fundo akalifunga mwenyewe.