Masanduku mawili na maji ya simtanki

Jumapili iliyopita tulikwenda Tabata kwa Mama mdogo, na huyu wangu wa pili, yule wa maswali, akaingia chumba cha wageni kutafuta chaja. Alitoka na swali. "Bibi, zulia la kule ndani limeliwa na nini?"

Mama mdogo hakuinua macho kwenye mchicha aliokuwa anachambua. "Muulize babu yako."

Baba mdogo akawa anasikiliza taarifa ya habari kwa makini sana. Redio ilikuwa imezimwa.

Nikamwambia mtoto nitamweleza kwenye gari, na kwenye gari akalala kabla hatujafika Mandela. Basi nawaeleza ninyi.

Ilikuwa 2011. Mnaukumbuka ule mwaka kwa mgao wa umeme, na mwishoni kwa mafuriko ya Desemba. Nyumbani kwetu tunaukumbuka kwa bei ya dhahabu, ambayo Septemba ilipita dola 1,900 kwa wakia, na kila mwenye ndugu Chunya au Geita akaanza kupiga hesabu usiku. Baba mdogo hakuhitaji ndugu. Alikuwa ameshakaa Chunya misimu kadhaa, kule bonde la Lupa ambako watu wanaosha mchanga wa mito tangu miaka ya 1920, akarudi Dar na wazo moja kichwani: dhahabu ya kuokota kwa vidole walishaimaliza waliotangulia. Iliyobaki ni vumbi. Na vumbi, ukilipitisha kwenye sanduku la kuoshea mchanga lililotengenezwa ovyo, linakwenda na maji huku wewe umekaa unalitazama na hulioni.

Wengi wanalikamata kwa zebaki. Yeye zebaki hakuitaka. Alimwona mzee mmoja kule, mchomaji zebaki wa siku nyingi, ambaye kikombe cha chai kilikuwa kinamwagika kabla hakijafika mdomoni. Kwa hiyo akataka sanduku zuri.

Sanduku lilitoka kwa mafundi wa Gerezani. Bati nene, kuta mbili za pembeni, na katikati vizingiti vya chuma vimekatiza njia ya maji kutoka juu mpaka chini. Alinieleza kwa kutumia mkono wake: maji yakiruka kizingiti, nyuma yake yanajizungusha, kwenye ule mzunguko mchanga mwepesi unanyanyuliwa na kuondoka, kizito kinazama na kukaa. Dhahabu ina uzito mara 19 na zaidi ya maji ya ujazo uleule, mchanga wa kawaida hata mara tatu haufiki. "Sasa itakimbilia wapi?" aliniuliza, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nabisha.

Aliyekuwa anabisha ni Mjomba, kaka yake Mama mdogo, mtu wa Kanda ya Ziwa aliyekula ujana wake kwenye mialo, sehemu za kuoshea dhahabu, ya Nyarugusu kule Geita. Alilizunguka lile sanduku mara moja tu.

"Shem, umechomelea ngazi."

Kwake yeye hakuna siri. Ubao wenye mteremko, juu yake unatandika magunia ya katani, unapitisha maji membamba, nyuzi zinashika vumbi, jioni unakung'uta kwenye karai. Vizingiti virefu vile, alisema, vinashika kokoto. Dhahabu laini vinairusha kama inavyorushwa pumba kwenye ungo. Baba mdogo akajibu kwamba mambo ya Geita ni ya mawe yaliyosagwa, siyo ya mto. Wakabishana mezani, wakabishana kibarazani, mpaka Mama mdogo akasema kama mnajua sana si mpime.

Wakaamua kupima.

Tatizo la kwanza: nani amwage dhahabu yake kwenye mchanga wa Tabata aone kama ataipata tena? Hapo ndipo Baba mdogo alipokuwa na akili. Alinituma Feri nikanunue chubwi za wavuvi, vile vipande vya madini ya risasi vya kuzamishia mishipi. Risasi ina uzito mara 11 na kidogo ya maji, haifiki dhahabu, lakini hilo lilikuwa linamfaa: sanduku likiweza kushika risasi, dhahabu litaishika vizuri zaidi. Akazichonga kwa tupa, vipande vingine vidogo kama mbegu za mchicha, kisha vile vidogo akavigonga kwa nyundo vikawa bapa, maana dhahabu ya mtoni imegongwagongwa na mawe, haiwi ya mviringo. Vipande 50 kwa kila sanduku kwa kila raundi, vimehesabiwa mbele ya mashahidi.

Mchanga ulikuwepo, ule uliobaki kwenye ujenzi wa fensi. Mjomba akasema mchanga mtupu ni rahisi mno; mtoni kuna mchanga mweusi, mzito, ndio unaoziba kila kitu. Nikapanda pantoni kwenda Kigamboni na ndoo. Waliowahi kutembea fukwe za kule baada ya bahari kuchafuka wanaijua ile michirizi myeusi, ukiweka sumaku mwingine unarukia. Kwenye pantoni mama mmoja aliniuliza nauza nini. Nikamwambia mchanga. Akasogea kiti cha pili.

Siku yenyewe, saa mbili asubuhi, kila kitu tayari, masanduku yamepandishwa juu ya matofali, Baba mdogo kapita na pimamaji na rula: kila sentimita 30 za urefu, mteremko wa sentimita mbili na nusu. Akawasha pampu. Kimya. Umeme umekatika.

Pampu ndiyo ingekuwa mto. Bila pampu tulibaki na simtanki juu ya mnara wake na bomba la bustani, maji yakitoka kwa mvuto wake tu, membamba. Baba mdogo akataka tuahirishe. Mjomba akasema mto hauahirishwi.

Tatizo la pili lilikuwa la Mjomba. Magunia aliyoyanunua Buguruni yalikuwa yamelegea, ungepitisha dengu kwenye matundu yake. Akayainua juani, akayatupa. Nikamwona macho yake yanapita mlango wa sebule. Zulia lilikuwa jipya, la manyoya mafupi magumu, la kijani. Mama mdogo alikuwa ibada ya pili. Mjomba hakuuliza mtu. Alisogeza kochi, akapiga magoti, akakata kipande sawasawa na ubao wake kwa kisu cha kukatia samaki, kwa mistari iliyonyooka kabisa, kisha akarudisha kochi mahali pake. Baba mdogo alisimama mlangoni akatazama yote na hakusema neno, na hilo Mama mdogo hajalisamehe mpaka leo. La kukata alishalisamehe.

Tukaanza na la chuma. Mimi nachota mchanga kwa kopo, Mjomba ameshika bomba, Baba mdogo ameinama pembeni. Kwa muda mfupi vizingiti vilifanya kazi. Kisha nafasi zote za nyuma yake zikajaa mchanga mweusi, ukagandamana, uso wa sanduku ukawa laini kama hakuna vizingiti kabisa, na kila kilichokuja baadaye kikateleza juu juu mpaka kwenye beseni la mwisho. Maji hayakuwa na nguvu ya kuukoroga. "Ongeza maji," Baba mdogo akasema. "Ndiyo haya," Mjomba akajibu, na nadhani alikuwa anatabasamu.

Zulia likafuata. Hapa Mjomba alinizuia mkono: kwanza chekecha, kokoto zote nje, kisha mwaga kidogo kidogo. Maji yakapita juu ya ile kijani kama utando, mchanga wa ujenzi ukatembea polepole ukadondoka, na weusi ukabaki umejipanga kwenye manyoya ya juu juu kabisa, kwenye futi ya kwanza tu.

Sasa kuosha. Mjomba alilikunja zulia kutoka chini kwenda juu, akalizamisha kwenye karai, karai la unga, la Mama mdogo, akalifungua ndani ya maji na kulisugua kwa kiganja, akaligeuza, akalipiga makofi mgongoni. Maji yakawa wino. Akamwaga ya juu, akabakiza vikombe viwili hivi, akadondosha tone la sabuni ya vyombo ili vipande bapa visielee, kisha akaanza kulizungusha karai. Sijawahi kuona mikono mizito vile ikifanya kitu chepesi vile. Alikuwa analiinamisha, analipa kama msukumo wa kidole, weusi unakimbia mbele, anaurudisha, unakimbia tena, na kila ukikimbia unaacha nyuma, kwenye kona ya karai, mkia. Mwanzoni sikuuona. Kisha jua likaingia na nikaona punje za kijivu zinang'aa pale zilipokatwa na tupa, kubwa mbele, ndogo nyuma, zikiishia kwenye vumbi jembamba ambalo ukipumua karibu linasogea. Nikashusha uso mpaka pua ikakaribia maji. Nilijua ni chubwi za Feri, nilizinunua mwenyewe, na bado moyo ulikuwa unanienda mbio. Nikachukua njiti ya kiberiti nikaanza kuzihesabu moja moja, nikizisukuma kando, na Baba mdogo naye akachutama, na wote watatu tukawa vichwa vimegusana juu ya karai.

"Mmepata ngapi?"

Hakuna aliyesikia geti. Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yetu, Biblia mkononi, kitenge cha kanisani. Alikuwa ameshaliona karai lake. Alikuwa ameshaliona na zulia.

"41," nikasema.

"Kati ya?"

"50."

"Na ile ya chuma?"

"19."

Akafikiri. "Hizo chubwi zote mlinunua shilingi ngapi?" Nikamtajia. "Haya. Na zulia?"

Yaliyofuata nayaruka, kwa heshima ya wote waliohusika. Nitasema tu kwamba karai lilihamia kwenye kudeki, sawa kabisa, risasi si ya kuichezea kwenye chombo cha unga, na kwamba chakula cha mchana kilipikwa kwa watu wawili, mmoja wao mimi.

Saa kumi umeme ukarudi. Baba mdogo, ambaye tangu mchana alikuwa amekaa juu ya tofali na njaa yake, aliinuka bila kusema, akafungua pampu yote. Sanduku la chuma likabadilika mbele ya macho yetu. Maji yakaruka vizingiti, nyuma yake mchanga ukawa unachemka, unaingia na kutoka, mpaka kokoto nzima zikapita bila kuchekechwa. Risasi zilizonaswa zikazidi nusu, ingawa vile vipande bapa vidogo vilitoroka karibu vyote. Kwenye zulia maji yaleyale yalikwangua kila kitu, hata nusu halikufika, na mwishoni lenyewe likanyanyuka kutoka kwenye ubao likaondoka.

"Umeona?" Baba mdogo akasema.

"Nimeona umefungua pampu," Mjomba akasema.

Hapo ndipo palipoishia jaribio. Kila mmoja alikuwa na karatasi ya matokeo aliyoshinda.

Fundi wa Gerezani, alipopelekewa sanduku lirekebishwe, ndiye aliyefanya lililokuwa wazi: akang'oa vizingiti vya nusu ya chini, akatandika kipande cha zulia, juu yake akabana wavu wa chuma mwembamba, ule wa matundu ya msharazi, ili zulia lisinyanyuke na kila tundu liwe na mzunguko wake mdogo wa maji. Juu akaweka chekeche. Nimekuja kuona baadaye kwamba watu wa mabara mengine wanatengeneza hivyohivyo, wengine wanatumia mpira wenye vishimo badala ya zulia, na wote wanasema jambo moja: dhahabu laini inataka mchanga uliochekechwa, mteremko mdogo na maji yasiyo na haraka. Baba mdogo hilo alilikubali mbele ya fundi. Mbele ya Mjomba hajalikubali.

Sanduku lilipanda basi Ubungo likaenda Chunya, na huko likaoshea marudio, mchanga ulioshaoshwa na watu wengine, na likatoa. Kiasi gani, sitaandika, maana gramu zile kila Krismasi zinaongezeka. Ninachojua ni kwamba petroli ya pampu ilikuwa inanunuliwa kila siku na dhahabu haikuwa inauzwa kila siku, na kwamba aliporudi moja kwa moja alimletea Mama mdogo hereni, ndogo sana, ambazo alizivaa siku hiyohiyo na kusema hazihusiani na zulia.

Nimewahi kujiuliza tulikuwa tunapima nini siku ile. Kama umeme usingekatika, Mjomba angeshindwa asubuhi na mapema, kipande cha zulia kisingekatwa, na Baba mdogo angekwenda Lupa na vizingiti vyake vyote akiamini. Labda angepata zaidi. Kwenye mkondo wenye nguvu, na punje kubwa kubwa, labda. Sijui.

Jumapili, tulipokuwa tunaaga, Mjomba alipiga simu ikawekwa spika, na ndani ya dakika mbili walikuwa wameshafika kwenye pampu. Wakaniambia niamue, mimi ndiye niliyehesabu. Nikasema inategemea maji. Wote wawili wakanikatia simu: Mjomba kwa kukata, Baba mdogo kwa kuinuka akaenda nje.